Angani hakuna hewa, sasa hayo masizi ya nyota yanatoka wapi jamani?

Mbanguaji wa Newala

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnieleweshe maana siku ya tatu leo hili jambo linanizunguka kichwani. Iko hivi, mimi na bibi yangu huku Newala tunachoma korosho nyuma ya nyumba, zile za kuuza kwa kupima kikombe, tunachomea kwenye pipa lililokatwa, na wanaoijua hiyo kazi wanajua mafuta ya ganda yakishashika moto moshi wake ni mweusi mzito mpaka jirani anafunga dirisha, ukimaliza pipa masizi, ukuta masizi, kanga masizi, hata ukipenga kamasi unatoa masizi. Sasa mdogo wangu yuko kidato cha tano amekuja likizo, kanikuta najisugua mikono kwa majivu akaniambia dada hayo masizi hata nyota zinatoa tena kwa wingi usioweza kuufikiria. Nikajua ananitania. Kumbe yuko siriasi, anasema kuna nyota zimezeeka zinapuliza masizi angani na ndani yake kuna molekuli kubwa za kaboni, nyingine zina umbo kabisa la mpira wa miguu.

Sasa mimi shule niliishia kidato cha nne lakini ile ya mshumaa naikumbuka vizuri, unaufunika na glasi, oksijeni inaisha, unazima. Moto bila hewa hakuna. Na moshi bila moto hakuna. Angani hakuna hewa, hilo nalo tulifundishwa. Kwa hiyo masizi yanatoka wapi? Nilimuuliza akaanza kuzungukazunguka akasema ndivyo walivyoambiwa darasani. Mimi sitaki kuambiwa, nataka kuelewa. Mwenye kujua anieleweshe taratibu kama anaongea na mtu mzima ambaye hajasoma fizikia.

Toshi ya Masasi

Dada yangu, ya nyota nawaachia wenye elimu yake ila kwenye masizi hapo nina la kusema maana mimi ni fundi wa kuchomelea kwa gesi mwaka wa kumi na mbili huu. Ukiwasha toshi unafungua asetilini kwanza peke yake, unaiwasha. Moto wake ni wa njano, mrefu, na juu yake zinatoka nyuzi nyeusi zinaelea kama manyoya ya kuku, zinatua kwenye nguo za watu mpaka wanakugombeza. Hayo ni masizi matupu. Halafu unafungua oksijeni kidogo kidogo, moto unafupika, unakuwa wa buluu, masizi yanakata hapo hapo.

Kwa hiyo ulivyokariri umekariri kinyume, usinielewe vibaya. Masizi hayaji kwa sababu oksijeni ipo, yanakuja kwa sababu ni ndogo. Hata chemli ukipandisha utambi sana kioo kinakuwa cheusi, utambi unatoa mafuta mengi kuliko hewa inayoingia. Oksijeni ikitosha kaboni yote inaondoka kama gesi huioni.

Ticha Mstaafu, Lindi

Mwanangu wa Newala hongera kwa swali, nimefundisha kemia miaka mingi na swali la namna hii nimeulizwa mara chache sana. Na wewe fundi wa Masasi umeshamaliza nusu ya kazi, tena umetaja na gesi yenyewe bila kujua, nitaifikia.

Kwanza tuliondoe neno moto. Nyota haiwaki kama kuni. Kule katikati viini vya atomu vinakandamizwa mpaka vinaungana, haidrojeni inageuka heliamu, na nyota ikishazeeka viini vitatu vya heliamu vinaungana kuwa kiini kimoja cha kaboni. Hapo oksijeni haihitajiki kabisa, ule mshumaa wa darasani hauhusiki. Kwa hiyo kaboni nyota inaipika yenyewe tumboni mwake. Baadaye, kwa zile nyota ambazo kwa kawaida ni nzito kidogo kuliko jua letu, nyota inavimba inakuwa kubwa mno, inachemka kama uji mzito, na kama uji unavyofanya kile cha chini kinapanda juu, kinashuka, kinapanda tena, kila mara kaboni inaongezeka usoni. Na uso wa nyota iliyovimba hivyo umepoa, una kama nyuzi 2,500, wakati jua letu ni kama 5,500.

Sasa hapa ndo pa kushika. Kule juu kaboni inakutana na oksijeni, maana oksijeni nayo ipo kwenye nyota, na jambo la kwanza vinafanya ni kushikana moja kwa moja, atomu kwa atomu, vinakuwa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa. Hakuna molekuli ya atomu mbili iliyoshikana kwa nguvu kuliko hiyo. Vikishashikana hata joto la uso wa nyota ile halivitenganishi kirahisi. Kwa hiyo ni suala la hesabu tu, nani mwingi nani mchache. Chukulia msimu huu una magunia 100 ya korosho na kamba 80 za kushonea, kila gunia kamba yake, mwisho wa siku magunia 20 yako wazi. Kwenye gesi ya jua letu oksijeni ni karibu mara mbili ya kaboni, maana yake kaboni ingemezwa yote na oksijeni ingebaki, na nyota kubwa za aina hiyo zinatoa vumbi la jamii ya mchanga. Lakini kwenye nyota iliyopika kaboni mpaka ikaizidi oksijeni, oksijeni yote inakamatwa ndani ya kaboni monoksaidi na kaboni iliyobaki haina wa kuizuia. Ndo pipa lako la korosho hilo, ndo chemli yenye utambi mrefu. Hewa ni ndogo kuliko mafuta.

Na kaboni iliyobaki ikishikana na haidrojeni gesi moja kubwa inayotokea ni asetilini. Ndiyo fundi, asetilini ya kwenye mtungi wako, imeonekana kwenye upepo wa nyota hizo tangu miaka ya 1970.

Nyota inapumua, inavimba na kusinyaa, kila pumzi inasukuma gesi nje. Gesi ikifika mbali kidogo inapoa chini ya nyuzi 1,500, asetilini zinaungana, zinajikunja kuwa pete za atomu sita sita, pete inabandikwa pete mpaka inakuwa kama kipande cha waya wa banda la kuku. Hizo ndizo molekuli kubwa ambazo mdogo wako kaambiwa, wataalamu wanaziita PAH, na hizohizo zimo kwenye moshi wako wa maganda, ndo maana naomba wewe na bibi mjifunge kitambaa puani na mkae upande upepo unakotokea, siyo kitu kizuri kuvuta kila siku. Zikizidi kubandikana zinakuwa chembe za masizi kamili.

Nyota ya mfano ambayo wamechungulia kuliko zote ni IRC+10216, iko upande wa kundinyota la Simba, kama miaka 400 ya nuru kutoka hapa. Kwa darubini ya kawaida ni hafifu sana, karibu usiione, maana imejifunika masizi yake yenyewe kama kioo cha chemli. Lakini ukitumia kifaa kinachoona joto, yaani mwanga wa infraredi, kwenye urefu wa wimbi wa mikromita 5 hakuna kitu kinachong'aa kuizidi nje ya familia ya jua letu. Upepo wake unatoka kwa kasi ya kilomita 14 hivi kila sekunde na ndani yake zimehesabiwa aina zaidi ya 80 za molekuli. Mimi nikiwaza hiyo nyota nasisimka mpaka leo.

Kijana wa Kilwa

Ticha heshima yako. Naongezea hapo kwenye mpira, kulikuwa na darubini ya Wamarekani iliyorushwa angani ikiitwa Spitzer ndo iligundua hiyo mipira ya kaboni angani halafu wanasayansi wakaona wajaribu kuitengeneza maabara na wao wakafanikiwa. Ina atomu 60 za kaboni.

Ticha Mstaafu, Lindi

Kijana umeleta jambo zuri ila umelianzia mkiani, ngoja tulinyooshe maana historia yenyewe ni tamu.

Maabara ndo ilitangulia, ila waliokuwa maabara walikuwa wanaziwaza nyota. Harold Kroto, Mwingereza, alikuwa anafuatilia minyororo mirefu ya kaboni iliyosikika kwa darubini za redio, akawa anajiuliza kama nyota za kaboni ndizo zinaitengeneza. Septemba 1985 akaenda Houston Marekani, chuo kikuu cha Rice, kwa Richard Smalley na Robert Curl ambako kulikuwa na mashine ya leza. Wakachukua kipande cha kinywe, ile kaboni ya ndani ya penseli, wakakipiga leza kikawa mvuke, mvuke ukapozwa na upepo wa heliamu, yaani waliigiza upepo wa nyota mezani. Walitafuta minyororo, wakakuta molekuli ya atomu 60 inajitokeza kwa wingi kuliko wenzake wote. Wakakaa kuumiza kichwa umbo gani linakaa na atomu 60 bila kubaki na ncha inayoning'inia, wakafika kwenye mpira: pande 12 za pembe tano na pande 20 za pembe sita. Wale waliocheza na mpira wa zamani wenye viraka vyeusi na vyeupe wahesabu, vyeusi ni 12. Hizo tano tano ndo zinaukunja, waya wa kuku wenye pembe sita tupu unalala bapa, haufungi kuwa mpira hata ufanyeje. Wakaupa jina la Buckminster Fuller, Mmarekani aliyejulikana kwa kujenga makuba ya namna hiyo, kwa kifupi wanaita fulerini. Watatu hao walipata tuzo ya Nobel ya kemia 1996, na mimi nikifundisha nilikuwa nawataja pia wanafunzi waliokuwa kwenye mashine, James Heath na Sean O'Brien, maana tuzo haigawiwi kwa zaidi ya watu watatu na bila mikono ya hao vijana kazi ingekwama.

1990 Wolfgang Krätschmer kule Heidelberg Ujerumani na Donald Huffman wa Tucson Marekani wakapata njia ya kutengeneza nyingi, shoti ya umeme kati ya vijiti viwili vya kinywe ndani ya heliamu, masizi yanayotoka unayaloweka kwenye benzini, maji yanageuka mekundu kama ya rozela, umeipata. Angani sasa ndo ikaja 2010, hapo Spitzer yako inaingia, Jan Cami na wenzake waliikuta kwenye wingu linaloitwa Tc 1 linalozunguka nyota iliyokwisha kuvua nguo zake za nje, ikiwa na atomu 60 na nyingine ndefu kidogo ya atomu 70. Toka 1985 mpaka 2010 ni miaka 25 watu wanaitafuta.

Babu wa Nanyamba

Wanangu nawasoma tangu mwanzo na mimi nina miaka 74. Sibishi. Ila mimi ni mtu wa kushika kitu mkononi. Mnasema atomu 60, siyo 59 siyo 61, kwenye kitu ambacho mwanga wake umesafiri maelfu ya miaka na hakuna aliyekanyaga huko. Mmezihesabuje?

Ticha Mstaafu, Lindi

Shikamoo kaka. Swali lako ni la haki na jibu lake liko kwetu hapahapa. Usiku umelala, kijiji cha pili wanacheza sindimba, huwaoni, lakini sauti ikija na upepo unajua hii ni ngoma kubwa, hii ni ndogo, na ukiwa mzoefu unajua hata ngozi imekaza au imelegea. Kila ngoma ina sauti yake kwa sababu ya umbo lake, ukibadilisha umbo sauti inabadilika.

Molekuli nazo zinatetemeka. Mwanga mkali wa nyota ukiipiga molekuli inapata joto, inatetemeka, na mtetemo unatoka kama mwanga wa infraredi wenye kipimo chake. Ile ya atomu 60 ina namna 174 za kutetemeka, lakini kwa sababu imelingana pande zote namna nyingi zinajifuta zenyewe, zinazotoa mwanga zinatoa sauti 4 tu: mikromita 7.0, 8.5, 17.4 na 18.9. Walishazipima maabara kwenye ile ya Krätschmer. Walipoelekeza Spitzer kwenye Tc 1 zikatoka hizohizo nne, mahali pake palepale, na hazikuwa zimefunikwa na kelele za wengine. Ikiwa 59 au 61 usawa unaharibika na sauti haiwi hiyo. Zile za waya wa kuku nazo zina sauti zao, 3.3, 6.2, 7.7, 8.6 na 11.2, zinasikika karibu kila pembe ya Njia Nyeupe, yaani kundi kubwa la nyota tulimo sisi, ila hizo kaka lazima niwe mkweli, nyingi zinatoa sauti zinazofanana, kwa hiyo unajua ukoo lakini jina la mtu mmoja mmoja ni kazi kulitoa kwa njia hiyo.

Na kwa wewe wa kushika mkononi, vipo. Chombo cha Wajapani Hayabusa2 kilichota mchanga kwenye asteroidi Ryugu, yaani jiwe linalozunguka jua, kikaurudisha duniani Desemba 2020, gramu kama 5 hivi, na molekuli za jamii hii zimekutwa humo.

Babu wa Nanyamba

Marahaba. Hapo kwenye ngoma nimekuelewa mdogo wangu. Endeleeni.

Kinywe Ruangwa

Nimeona kinywe kimetajwa mara mbili nikashtuka maana ndo kazi yangu, niko huku Ruangwa kwenye uchimbaji, tunarudi nyumbani tumeng'aa kama tumepakwa fedha. Naomba kuuliza ticha, kwa hiyo kinywe chetu hiki kilitoka kwenye nyota? Na kama kaboni ni ileile kwa nini kinywe kinateleza hivi na mkaa hautelezi, na huo mpira je?

Ticha Mstaafu, Lindi

Kinywe cha Ruangwa kama kinywe kimetengenezwa hapahapa ardhini, ni tope la kale lenye mabaki ya viumbe lililozikwa chini sana likapikwa kwa joto na mgandamizo. Ila atomu zenyewe za kaboni ndiyo, hakuna mahali pengine zilikopikwa isipokuwa ndani ya nyota, zile zilizokuwepo kabla ya jua letu.

Kinateleza kwa sababu ni waya wa kuku juu ya waya wa kuku, mashuka bapa yaliyolazwa, ndani ya shuka moja atomu zimeshikana sana lakini shuka na shuka vimeshikana kwa ulegevu, ukisugua kidole linabanduka shuka. Mkaa mashuka yake ni madogo yamevurugika hayajajipanga. Mpira ni shuka lililojifunga, na kuna wanaoeleza kwamba angani ndivyo unavyopatikana, kipande kikubwa cha PAH kinapigwa na mwanga mkali wa nyota, kinapukutika haidrojeni zake za pembeni, pembe sita chache zinageuka tano, kinajikunja. Wengine wanasema hapana unajengwa toka chini mahali penye haidrojeni kidogo. Mimi naegemea wa kwanza, maana mipira imeonekana hata sehemu zenye haidrojeni tele.

Na hili ulihifadhi uwasimulie wenzako kazini: kimondo cha Murchison kilichoanguka Australia 1969 kimekutwa na chembe ndogo mno za kinywe ambazo zimetoka moja kwa moja kwenye nyota za kale, zilikuwepo kabla dunia haijaumbwa, wanazitambua kwa uwiano wa kaboni 12 na kaboni 13, aina mbili za kaboni zinazotofautiana uzito, ambao haufanani na wa hapa kwetu.

Kijana wa Kilwa

Ticha asante kwa kuninyoosha, nimeenda kusoma tena. Nimekuta na hii, dada mmoja Mary Lea Heger akiwa kituo cha kutazamia nyota cha Lick huko California, 1922 aliandika kuhusu mistari ya ajabu kwenye mwanga wa nyota, yaani kuna kitu katikati ya nyota na sisi kinakula rangi fulani, mistari ikaongezeka mpaka mamia na hakuna aliyejua ni nini, ndo 2015 kikundi cha John Maier huko Basel Uswisi wakaipoza ile molekuli ya atomu 60 iliyopungukiwa elektroni moja karibu na baridi ya mwisho kabisa, wakaipima, ikalingana na mistari miwili kwenye nanomita 957.7 na 963.2. Karibu miaka mia tangu huyo dada aandike!

Pwani ya Msimbati

Mimi ni mvuvi, nyota ndo saa yangu. Nataka tu kusema kwamba hizi molekuli siyo za kwenye nyota zilizozeeka tu, mnakijua Kilimia ambacho wazee wetu walikitazama kujua majira ya kulima, sasa karibu na hapo, umbali unakaribiana kabisa kama miaka 430 ya nuru, kuna wingu jeusi baridi linaitwa TMC-1. Darubini ya redio ya Green Bank Marekani imesikia humo benzonitraili, molekuli ya pete moja, 2018, halafu pete mbili 2021, halafu 2024 pete nne. Na huko ni baridi kali hakuna nyota ya kupasha, kwa hiyo hapo hadithi ya pipa la korosho peke yake haitoshi.

Mbanguaji wa Newala

Jamani nimesoma yote, nimemsomea na bibi kwa sauti. Kilichonifungua ni magunia na kamba. Yaani siku zote nilidhani masizi ni mtoto wa moto kumbe ni kaboni iliyokosa mwenzake. Mdogo wangu nimemuelezea mpaka kwenye asetilini kakaa kimya anaandika kwenye daftari. Na vitambaa vya puani tumeanza kujifunga jana.

Sasa la mwisho, kuna nyota ya namna hii ambayo mimi naweza kuiona kwa macho nikiwa hapa Newala? Bibi anasema anataka kuiona kabla msimu haujaisha.

Pwani ya Msimbati

Ipo dada, inaitwa R Leporis. Kwa macho matupu ni ngumu hata ikiwa kwenye ubora wake, azima darubini ya mkononi ya macho mawili. Hiyo nyota inapanda na kushuka mng'ao kwa kama miezi 14, usipoiona mwaka huu usikate tamaa. Januari iko utosini saa nne kasoro usiku lakini Januari kwetu ni mvua na mawingu, wewe tumia sasa hivi, mwishoni mwa mwezi huu wa kumi amka saa tisa usiku. Tafuta zile nyota tatu zilizopangana mstari, karibu yake kuna nyota kali nyeupe inayoelekea buluu, hiyo ni Rigel. Kutoka Rigel nyoosha mkono shuka upande wa kusini pungufu kidogo ya upana wa ngumi, ukivutia kidogo magharibi. Huhitaji kuhesabu, utaijua kwa rangi. Mwingereza Hind alipoiona 1845 aliifananisha na tone la damu, na ni kweli ni nyekundu kuliko kitu chochote utakachoona pale, kwa sababu molekuli za kaboni usoni mwake zinameza buluu yote. Mwambie bibi avae sweta, Newala kwenu huko juu alfajiri kuna baridi.

Mbanguaji wa Newala

Darubini tumeshaazima kwa mwalimu wa jirani. Alhamisi saa tisa usiku, mawingu yakikubali.